Bibi Isabel na Watoto Waliobeba Dawa



Siku hizi mama akimpeleka mtoto wake zahanati kuchanjwa, haulizi dawa ile imefikaje pale. Mwuguzi hufungua sanduku lenye barafu, akatoa kichupa, akavuta dawa kwa sindano, na kazi ikaisha. Lakini kichupa kile kimetoka mbali sana. Kimepanda ndege, kimepanda gari, na kila kituo kimewekwa penye baridi, maana dawa nyingi za chanjo zikipata joto huharibika. Miaka 220 hivi iliyopita hapakuwa na mashine ya barafu, wala ndege, wala sindano ya namna hii. Walakini dawa ya kwanza ya chanjo iliyopata kujulikana duniani ilivuka bahari kubwa mbili, ikafika ng'ambo ikiwa na nguvu zake. Ilivuka katika mikono ya watoto wadogo. Na mtu aliyewalea watoto hao njiani, akawaogesha na kuwalisha na kuwalinda usiku na mchana, alikuwa mwanamke mmoja wa Hispania, jina lake Isabel Zendal. Habari zake ndizo nitakazowaeleza leo.

Ndui ilikuwa maradhi gani

Ndui haipo tena duniani, na kijana wa leo hawezi kuijua ila kwa kusimuliwa. Ilianza kwa homa kali, na kuumwa kichwa na mgongo. Baada ya siku chache vipele vilitoka usoni, mikononi na miguuni, vikageuka malengelenge magumu yaliyojaa usaha. Katika kila watu 10 walioshikwa na ndui kali, watu 3 hivi walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni maisha yao yote, na wengine walipofuka macho. Maradhi hayo yalipita kwa pumzi ya mgonjwa, na kwa nguo zake na matandiko yake.

Ndui haikubagua tajiri na maskini. Mwaka 1794 Mfalme Carlos wa Nne wa Hispania alifiwa na binti yake mdogo, María Teresa, kwa maradhi hayo hayo yaliyoua watoto wa wakulima.

Nchi za Amerika hazikuijua ndui mpaka Wahispania walipofika huko. Iliingia Meksiko mwaka 1520, na kwa kuwa wenyeji hawakuwa wameipata hata mara moja, miili yao haikuwa na kinga yo yote. Walikufa kwa wingi usiohesabika. Njia ile ile ya merikebu iliyopeleka maradhi ndiyo iliyokuja kupeleka dawa, lakini baada ya miaka karibu 300.

Siri iliyotoka zizini

Jambo moja lilijulikana tangu zamani: aliyeugua ndui akapona haipati tena. Kwa hiyo watu wa China, na Bara Hindi, na Uturuki, na sehemu kadha wa kadha za Afrika, walikuwa na desturi ya kutwaa usaha kidogo wa mgonjwa aliyeugua kwa wepesi, wakautia katika ngozi ya mtu mzima wa afya, ili augue kidogo kisha apone. Desturi hiyo iliokoa wengi, lakini ilikuwa na hatari mbili. Baadhi ya waliotiwa usaha huo walikufa, na wengine waliwaambukiza majirani ndui yenyewe.

Huko Uingereza alikuwako daktari wa shamba, jina lake Edward Jenner. Alisikia wakulima wakisema kwamba wanawake wanaokamua maziwa huambukizwa mikononi maradhi madogo ya ng'ombe, yaitwayo ndui ya ng'ombe, na ya kuwa hao hawapati ndui ya watu. Tarehe 14 Mei 1796 alitwaa maji ya lengelenge katika mkono wa mkamuaji mmoja, Sarah Nelmes, akayatia katika mchanjo mdogo mkononi mwa mtoto wa miaka 8, James Phipps. Miezi miwili baadaye alimtia mtoto yule usaha wa ndui yenyewe, wala haikumshika. Mwaka 1798 Jenner alitoa kitabu cha kueleza mambo hayo, na kwa muda wa miaka michache dawa yake ilienea Ulaya.

Dawa isiyokaa chupani

Basi, mwaka 1802 ndui ilizuka kwa ukali katika mji wa Bogotá, katika makoloni ya Hispania ya Amerika ya Kusini, na wakubwa wa huko waliomba msaada kwa Mfalme. Dawa ilikuwapo Hispania. Shida ilikuwa kuifikisha.

Hapa nawaombeni mnifuate polepole, maana ndipo penye fundo la habari yote. Maji ya ndui ya ng'ombe yana vijidudu hai visivyoonekana kwa macho. Watu walijaribu kuyalowesha katika nyuzi za pamba, au kuyaweka kati ya vipande viwili vya kioo na kuziba kwa nta. Kwa safari fupi penye baridi ilifaa. Lakini katika merikebu ya matanga, kwa wiki nyingi chini ya jua kali, vijidudu vilikufa na dawa ikawa bure. Mahali pamoja tu palipoweza kuiweka hai, napo ni mwili wa mtu.

Mtoto akichanjwa leo, baada ya siku chache hutoka kipele mahali pale. Kipele huwa lengelenge, na yapata siku ya 9 au ya 10 lengelenge huwa limeiva, lina maji safi. Siku hizo ndizo za kuyatwaa maji na kumchanja mwingine. Ukichelewa, maji hugeuka usaha, kisha lengelenge hukauka likawa gamba, na dawa imekwisha. Tena mtoto akiisha kuchanjwa mara moja hafai mara ya pili, maana mwili wake umekwisha pata kinga. Vile vile mtoto aliyepata kuugua ndui hafai hata kidogo.

Daktari Francisco Javier Balmis, mzaliwa wa Alicante, alimpa Mfalme shauri hili: ichukuliwe jamii ya watoto ambao hawajapata ndui wala chanjo. Wachanjwe wawili wawili, na maji ya hao wawili yatiwe katika wawili wengine, na hao tena katika wengine, kama watu wanaopokezana moto wa kuwashia jiko, mpaka merikebu ifike. Mbona wawili na si mmoja? Kwa sababu lengelenge la mmoja likipasuka au likiharibika, lipo la mwenzake.

Wanafunzi na wafanye hesabu. Watoto 22, wakichanjwa wawili wawili, ni zamu 11. Kila zamu ni siku 9 au 10. Basi watoto wote wanatosha siku 99 mpaka 110, wala zaidi ya hapo hakuna. Na hesabu hiyo ni sawa kama hapana kosa hata moja. Mtoto mmoja akikuna lengelenge lake usiku kisha akamgusa mwenzake mwenye mkwaruzo, yule wa pili amechanjika kabla ya zamu yake, na siku kadhaa za safari zimepotea. Watoto wawili wakipigana, au wakilala kitanda kimoja kwa kuogopa giza, dawa ya bara zima yaweza kukoma hapo.

Daktari alijua kuchanja. Lakini ni nani atakayewazuia watoto 22, wengine wa miaka mitatu tu, wasijikune, wasigusane, wasilie, wasiugue, ndani ya chombo kinachoyumba mchana na usiku? Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Mlezi wa nyumba ya watoto

Isabel alizaliwa katika miaka ya 1770 kijijini Parada, karibu na Ordes, katika jimbo la Galicia, upande wa kaskazini-magharibi wa Hispania. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Alipokuwa kijana alikwenda kutafuta kazi katika mji wa bandari wa La Coruña, na huko akazaa mtoto mwanamume, Benito, ijapokuwa hakuwa na mume. Siku zile mwanamke wa namna hiyo alisengenywa sana, naye alimlea mwanawe peke yake.

Mwaka 1800 alifanywa msimamizi wa nyumba ya watoto wa kuokotwa mjini La Coruña, iliyokuwa chini ya hospitali ya maskini. Watoto hao ni wale walioachwa na mama zao mlangoni au njiani kwa ajili ya umaskini au aibu. Isabel aliangalia chakula chao, nguo zao, usafi wao na maradhi yao. Hakupata masomo ya uuguzi, maana vyuo vya kufundisha uuguzi kama tunavyovijua leo vilikuwa bado havijaanzishwa. Kazi yenyewe ndiyo iliyomfundisha.

Balmis alipofika La Coruña kutafuta watoto, aliona upesi kwamba haitoshi kuwachukua watoto bila ya mtu wanayemjua na kumwamini. Mnamo Oktoba 1803 amri ya Mfalme ilitoka kumweka Isabel katika msafara, kwa mshahara ule ule waliolipwa wauguzi wanaume. Alikuwa mwanamke peke yake katika msafara mzima. Na katika wale watoto 22 mmoja alikuwa Benito, mwanawe wa kumzaa. Mwanamke huyu hakuwapeleka watoto wa wenziwe baharini akamficha wake nyumbani.

Kuvuka Bahari ya Atlantiki

Tarehe 30 Novemba 1803 merikebu María Pita iling'oa nanga bandarini La Coruña. Ndani yake alikuwamo Balmis, na msaidizi wake mkuu Daktari José Salvany, na wasaidizi wengine, na Isabel, na watoto 22 wa umri wa miaka 3 mpaka 9. Kila mtoto alipewa mashati, suruali, kofia, viatu, kitana, kikombe na sahani. Balmis alichukua pia nakala nyingi za kitabu alichokifasiri yeye mwenyewe kwa Kihispania, kinachoeleza namna ya kuchanja, ili waganga wa kila mji wajifunze.

Fikirini basi kazi ya Isabel kila siku. Maji matamu ni ya kupimwa. Merikebu inapanda na kushuka, watoto wanatapika. Wale wawili wa zamu lazima watengwe na wengine, wasiguswe, na mikono yao iangaliwe. Mtoto aliyechanjwa hupata homa kidogo, na mahali pale huwasha sana, naye ni mdogo, hajui kwa nini anakatazwa kujikuna. Wakati huo huo wengine wanataka kula, wanataka kucheza, wanamlilia mtu wa kuwalaza.

Kwanza walifika kisiwa cha Tenerife, wakachanja watoto wa huko, na mapema Januari 1804 wakaendelea na safari. Mwezi Februari walifika Puerto Rico, na huko Balmis aliona kwamba dawa imekwisha tangulia kutoka kisiwa cha jirani, akagombana na daktari wa pale, wala kazi haikwenda vizuri. Tarehe 20 Machi 1804 walitia nanga pwani ya Venezuela. Tangu kutoka La Coruña zilikuwa zimepita siku 111. Alikuwa amebaki mtoto mmoja tu mwenye lengelenge linalofaa. Mnyororo wote uliotoka Ulaya ulikuwa unaning'inia katika mkono wa mtoto mmoja. Kama angalijikuna siku ile, wangalifika mikono mitupu. Kutoka mkono huo walichanjwa watoto wa pale, na dawa ikawa imeingia Amerika ya Kusini.

Hapo msafara uligawanyika. Salvany alishika njia ya kusini. Chombo chake kilivunjika pwani, naye akavuka milima mikubwa ya Andes akiwa mgonjwa, jicho lake moja limepofuka, akichanja watu kila mji, mpaka alipofariki Cochabamba mwaka 1810. Balmis na Isabel na watoto walikwenda Kuba, kisha Meksiko.

Mambo yasiyofaa kufichwa

Mabibi na Mabwana, msafara huu husifiwa, na unastahili. Jenner mwenyewe aliusifu sana. Lakini msikilizaji mwenye akili atauliza: je, watoto wale waliulizwa? Hawakuulizwa. Walikuwa yatima na watoto wa kuokotwa, hawakuwa na baba wala mama wa kuwasemea, na ndiyo sababu walichukuliwa wao. Mfalme aliahidi kwamba watalishwa na kusomeshwa kwa fedha za serikali mpaka watakapoweza kujitegemea. Walipofika mji wa Meksiko, mtawala wa pale aliwapokea baridi, nao wakatiwa katika nyumba ya maskini isiyofaa watoto. Balmis alilalamika kwa nguvu. Baadaye walihamishwa shuleni, na baadhi yao wakapata watu wa kuwalea kama wana wao. Hakuna hata mmoja aliyeuchagua mji huo.

Kuna jambo zito zaidi. Kisiwani Kuba Balmis hakupata watoto wa kupeleka mbele dawa, akanunua wasichana watatu watumwa, akawachanja wao pamoja na kijana mpiga ngoma wa jeshi. Dawa iliyookoa watu wengi ilibebwa pia katika mikono ya watu walionunuliwa sokoni. Sifa za msafara hazifuti jambo hilo, na mwenye kuisimulia habari hii kwa haki hana budi kulitaja.

Katika hali ya namna hiyo ndipo tunapopima kazi ya Isabel. Hakuwa na uwezo wa kubadili amri ya Mfalme. Aliloweza ni kuhakikisha kwamba kwa mtu mmoja angalau watoto wale hawakuwa vyombo vya kubebea dawa. Balmis, ambaye kwa tabia alikuwa mkali na mwepesi wa kukasirika, aliandika katika barua kwamba mwanamke huyu amepoteza afya yake kwa wingi wa kazi na kubadilika kwa hewa ya nchi mbalimbali, na kwamba usiku na mchana amewapa watoto mapenzi ya mama mzazi. Balmis hakuwa mtu wa kumsifu kila aliyemtumikia.

Bahari ya pili

Kazi haikuishia Meksiko. Mfalme alitaka dawa ifike na visiwa vya Ufilipino, ng'ambo ya Bahari ya Pasifiki. Wale watoto 22 hawakufaa tena. Wakatafutwa wavulana 26 wa Meksiko. Wazazi wao walipewa fedha na ahadi kwamba watoto watarudishwa kwao. Isabel akaenda nao, pamoja na Benito.

Mnamo Februari 1805 waliondoka Acapulco katika merikebu Magallanes. Safari hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Watoto waliwekwa mahali pachafu penye panya, wakalazwa chini sakafuni wakiwa wamesongamana. Usiku chombo kilipoyumba walibingirika wakagusana, na baadhi yao wakachanjika bila ya kukusudiwa. Sasa mnaelewa kwa nini walichukuliwa 26 kwa safari ya miezi miwili tu, ijapokuwa kwa hesabu kavu wangalitosha watoto 14: wengine walikuwa akiba ya makosa. Upepo ulikuwa mwema, wakafika Manila tarehe 15 Aprili 1805, na dawa ikiwa hai.

Kutoka Manila Balmis aliendelea mpaka Macao na Canton nchini China, akarudi Ulaya kwa njia ya kisiwa cha Saint Helena, na Septemba 1806 akasimama mbele ya Mfalme kupokea heshima. Isabel hakuwako siku hiyo. Alikuwa amebaki Manila na wale watoto wa Meksiko, maana ahadi ya kuwarudisha kwao ilikuwa haijatimizwa. Mwaka 1807 alivuka tena Bahari ya Pasifiki, yeye na wenzake waliobaki, wakawarudisha watoto katika nchi yao. Kisha akakaa na mwanawe katika mji wa Puebla, Meksiko. Hispania hakurudi tena.

Jina lililopotea na kurudi

Vitabu vya siku nyingi vilimtaja Balmis, vikamtaja Salvany, na mwanamke huyu vikampitia kwa neno moja au mawili. Hata jina lake makarani waliliandika kila mmoja kwa namna yake: Zendal, Cendala, Gandalla, na namna nyingine nyingi. Watafiti wa baadaye walilazimika kulifuata jina hilo katika hati za kanisa na za serikali kama mtu afuatavyo nyayo penye mchanga. Leo Meksiko ina tuzo ya wauguzi yenye jina lake, na hospitali iliyofunguliwa Madrid mwezi Desemba 2020, wakati wa maradhi ya korona, iliitwa kwa jina lake.

Na dawa yenyewe je? Kila mji waliopita waliacha baraza la chanjo, ambalo kazi yake ilikuwa kuita watoto wachache kila siku kadhaa ili mnyororo usikatike. Baadaye ilionekana kwamba kupitisha maji kutoka mkono mpaka mkono kwaweza kupitisha pia maradhi mengine, kama kaswende. Kwa hiyo katika karne ya 19 watu walianza kuikuza dawa katika ngozi ya ndama, na watoto wakapumzika. Katika miaka ya 1950 mafundi walipata njia nzuri ya kuikausha iwe unga unaovumilia joto kwa miezi mingi. Shida iliyompeleka Isabel baharini ilikuwa imekwisha.

Kwa unga huo, mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza vita kubwa ya kuimaliza ndui. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki, katika mji wa Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, ambaye hakuwa amechanjwa. Alipona. Miaka ya baadaye alijitolea kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto wao kupata dawa ya kuzuia ugonjwa wa kupooza, na mwaka 2013 mauti yalimkuta akiwa katika kazi hiyo. Tarehe 8 Mei 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Wazee wengi wa nchi zetu wangali na kovu la chanjo ya ndui mkononi. Mwenye mzee nyumbani na amwombe amwonyeshe, amwulize alichanjwa wapi, na ni nani aliyemshika mkono siku ile alipolia. Huenda akalikumbuka jina la mwuguzi. Akilikumbuka, mwanafunzi na aliandike katika daftari lake kwa herufi zilizo sawa.

Hapa ndipo mazungumzo yetu ya leo yanapokoma. Kwaherini.